Miaka Yangu ya Kuwavisha Mashujaa

Niliacha kazi mwezi uliopita kwa sababu macho yangu hayapitishi tena uzi kwenye sindano. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenifanyia sherehe. Ninyi dada zangu mnaobaki kwenye chumba cha kushonea cha kambi ya Dzaleka mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa ile miaka ya teatre, michezo ya jukwaani, maana mnayasikia vipande vipande na kila mtu ana kipande chake. Shule niliachia darasa la nne, Bukavu. Nitaandika kama ninavyosema. Majina nitayataja, kwa sababu waliofanya wanayo majina, na midomo ya wengi wao bado inakula nsima, ugali wa huku, kila siku.

Kambini nilifika mwaka wa 2001 na makasi niliyoyafunga ndani ya kikwembe changu cha kujifunga. Njia ya kutoka Bukavu mpaka Malawi siiandiki. Nitasema tu kwamba askari wa pande mbili tofauti walinifanyia jambo lile lile, na kwamba mume wangu hakufika.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Gasana, Mnyarwanda, mtu mrefu mwenye kikohozi, na cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya paa la nyasi karibu na bomba la maji. Siku ya kwanza hakunipa hata kiti. Alinitupia suruali iliyopasuka gotini.

"Shona."

Nikashona. Aliipokea, na upande wa nje hakuuangalia kabisa. Aliigeuza ndani nje, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wangu polepole kama kipofu anayetafuta mlango.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, mzee."

"Mama yako alikuwa na haraka." Akachukua wembe, akafumua kazi yote. "Rudia."

Nilirudia mara nne. Mara ya tano alinisukumia kigoda kwa mguu, nikajua nimepata kazi.

Kwake nilijifunza kusoma mpasuko. Nguo iliyochoka hukonda kwanza. Nyuzi zinalegea pande zote kabla haijaachia. Nguo iliyonaswa na msumari hupasuka kwa kona. Nguo iliyovutwa na mkono wa mtu haina subira: inaanzia kwenye mshono, inakimbia moja kwa moja kufuata uzi, na pale vidole viliposhika kitambaa kinabaki kimevutika, hata ukikipiga pasi mara kumi. Mzee Gasana aliijua mipasuko yote mitatu kwa kidole gumba tu. Na sheria yake ilikuwa moja. "Fundi anafunga tundu," alisema, "na mdomo anafunga pia." Wake za watu walituletea magauni yaliyoachia begani, tukashona, wakaondoka wakisema asante ya huku, zikomo, zikomo mama, bila mtu kuuliza kitu. Kwa miaka mingi niliita hiyo adabu ya kazi. Mkitaka kujua kosa langu lilizaliwa wapi, lilizaliwa hapo, juu ya kigoda kile.

Teatre ililetwa na Mwalimu Bisimwa, aliyekuwa akifundisha sekondari Bukavu. Alikimbia vita na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Ndani yake kulikuwa na hadithi za Wazungu wa zamani sana, kabla ya bunduki, wakati wanaume wao walivaa vyuma na kupigana juu ya farasi. Aliwaita mashevalye. Vijana wa kambi, alisema, wanakaa kutwa nzima kwenye vibaraza wakingoja majina ya kuhamishiwa nchi nyingine yatoke ubaoni, wamesahau uanaume ni nini. Humu kitabuni kuna kiapo, kuna heshima, kuna kufa kwa ajili ya neno lako. Alizigeuza hadithi hizo kuwa Kiswahili chetu, akakusanya vijana, akaja kwangu kutafuta nguo.

"Shevalye anaitwa nani?" nilimwuliza, maana nilikuwa nikiandika orodha.

"Sire Odilari."

"Na huu upanga, niuchore nini?"

"Andika jina lake. Upanga unaitwa Flambele."

"Haya. Farasi?"

"Brunari."

"Na bibi?"

"Bibi wa ngome."

"Jina, Mwalimu."

Akafungua kurasa mbele, akarudi nyuma. "Haikuandikwa."

"Farasi iko na jina, upanga iko na jina, mwanamuke hana?"

"Mama Riziki," akasema, "we shona tu."

Nikashona tu. Ila nilikaa kwenye mazoezi yote na sindano mkononi, na hadithi zile nazijua kuliko wao. Bibi wa ngome ana kazi nne: kukaa dirishani, kusokota sufu, kuzimia, na kungoja. Shevalye akichelewa miaka saba, anangoja miaka saba na uso haubadiliki. Mwanaume mwingine akimgusa, kinachoumia ni heshima ya shevalye. Mwenyewe haulizwi ameumia wapi. Nilipomwambia Mwalimu hivyo, alicheka, akasema hizo ni mila za zamani za watu wa mbali. Nikatazama pande zote za kambi kuutafuta huo umbali.

Kazi yenyewe niliipenda, sitadanganya. Vifua vya chuma tulivikata kwenye madebe ya mafuta ya msaada, tukakunja kingo mara mbili ili zisikate shingo za mashujaa. Wa kwanza alikatwa hata hivyo, akalia kuliko bibi wa ngome. Shati la minyororo tulilisuka kwa nyuzi za magunia, tukalipaka rangi ya fedha ile ya mabati. Ukiwa mbali unaapa ni chuma, ukiwa karibu inanuka mihogo. Farasi Brunari alikuwa vijana wawili ndani ya blanketi, na wa nyuma aligoma kila mwezi. Vitambaa vya mabwana nilivitafuta Old Town, Lilongwe, kwenye maduka ya Wahindi, na nilipokosa nilichambua kaunjika, zile nguo kuukuu zinazouzwa kwa mafungu, mpaka nipate pazia zito. Mkumbuke hili ninyi vijana: pazia kuukuu hukaa mwilini vizuri kuliko kitambaa kipya, maana limeshajua kuning'inia.

Miaka ya mwanzo bibi wa ngome alichezwa na mwanaume, Pasikali, fundi baiskeli mwenye vipele vya ndevu. Wazee wa makanisa walikataa binti asimame mbele ya watu na kutazamwa. Pasikali alizimia vizuri mno. Alipopata safari ya kwenda kuishi nchi nyingine, ndipo wakakubali, shingo upande, mwanamke acheze mwanamke.

Akaja Esperansi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa jirani yetu wa zamani wa Bukavu, mwembamba, sauti yake inafika mpaka barabarani bila yeye kupaza. Siku ya kumpima alitazama shati la minyororo ukutani.

"Mama, mi ningependa ile."

"Ile ni ya Dodo, shevalye wetu."

"Dodo anasahauka maneno kila siku. Mi nayajua yote, ya kwake na ya farasi."

"Farasi haina maneno."

"Njo maana inachezaka vizuri."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Gauni lake nililishona kwa pazia la kijani, kazi bora niliyowahi kufanya. Katika kitabu, bibi humpa shevalye mkono wa gauni lake aufunge begani wakati wa kupigana. Kwa hiyo mkono wa kulia sikuushona kwa cherehani. Niliupiga bandi, mishono mirefu mepesi, ili Esperansi auvute mbele ya watu uachie mara moja. Na baada ya kila mchezo niliurudisha. Watu walilipenda tendo hilo kuliko vita. Wanawake walipiga vigelegele.

Dodo, yaani Dieudonné Mugisho, alikuwa Sire Odilari. Mabega mapana, sauti ya kanisani, mwimbaji wa kwaya. Alipiga goti mbele ya dirisha, akainua Flambele na kuapa kwamba mwanamke yeyote mnyonge atapata kivuli nyuma ya ngao yake. Watu wazima walimwita Sire, yaani bwana mkubwa, mpaka kwenye foleni ya maji. Nilimpima nguo mara nyingi. Mikono yake ilikuwa haitulii. Niliona, nikapima, nikaandika namba.

Hilo ninalowaeleza sasa lilitokea mwaka wa 2012. Kundi lilikuwa limealikwa kucheza Lilongwe, Jumamosi, kwenye ukumbi wa kweli wenye mapazia na taa. Alhamisi walikuwa na mazoezi ya mchana, wakiwa na nguo zote. Mimi nilikuwa Old Town kutafuta uzi. Ijumaa asubuhi nilifungua chumba changu. Nguo zote zilikuwa zimetundikwa. Gauni la kijani lilikuwa juu ya cherehani yangu, limekunjwa vizuri, kama mtu anavyokunja kitu cha maiti.

Nikalikunjua. Mkono wa kulia ulikuwa mahali pake, bandi zangu hazijaguswa. Mpasuko ulikuwa nyuma, kutoka mshono wa kiuno kwenda chini, moja kwa moja kufuata uzi, na pale juu kitambaa kimevutika alama nne.

Dada zangu, nilijua. Mimi niliyetoka Bukavu kwa njia ile, nisijue? Nilijua kabla sijalikunjua lote. Na mikono yangu, huku kichwa kinajua, ilikuwa tayari inatafuta uzi wa kijani. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilitoa nyuzi kwenye pindo la gauni lenyewe ili rangi isitofautiane, nikafuma uzi kwa uzi, nikapiga pasi kwa kitambaa chenye maji, nikaendelea hivyo kutwa nzima. Sikutoka kwenda kumtafuta binti. Jioni hata mimi mwenyewe ilibidi niinamie gauni kupata mahali penyewe. Nikafurahi. Hilo njo linanichoma mpaka leo: nilifurahia kazi yangu.

Jumamosi, nyuma ya mapazia ya ukumbi wa Lilongwe, nilimletea gauni. Esperansi alilichukua, akaligeuza nyuma, akatafuta kwa vidole. Halafu akanitazama. Fundi hasemi. Akalivaa. Alicheza vizuri kama siku zote. Dodo alipiga goti, akaapa. Esperansi akavuta mkono wa gauni, akaufunga begani kwa Dodo, vidole vyake vikichelewa kidogo kwenye fundo. Watu wakasimama kupiga makofi.

Jumatatu alikuja chumbani kwangu, akabaki mlangoni.

"Mama, kwa nini ulishona?"

"Mwanangu, mchezo ulikuwa Jumamosi."

"Njo mi niliiwekaka pale juu ya masini. Sikuweza kusema. Nilijua we utaona, utakuja na ile robe ya kijani mukononi, utaniuliza. Nilingoja Ijumaa muzima. Nilisema, mama akishaona, hakutakuwa mchezo. Halafu ukaniletea iko muzima."

Nikamwambia tutakwenda kwenye komite ya kundi, nitashuhudia mimi. Tukaenda.

Komite ilikuwa wanaume watano na Mwalimu Bisimwa mwenyekiti. Tulikaa mchana ndani ya kanisa, kwenye mabenchi. Esperansi alieleza kwa maneno machache. Dodo alikuwa ameketi na miguu mbele, anatikisa mmoja.

"Mi ni mutu wa kwaya," akasema. "Huyu alinitaka, nikakataa. Sasa anatafuta kuniharibia jina."

"Robe ilipasuka," nikasema. "Mimi niliishona."

"Mama Riziki," akasema Mwalimu kwa upole, ule upole wa kumweleza mtoto, "ile robe inapasukaka kila mchezo. Batu bote wanaona. Bibi anavuta mukono, shevalye anafunga. Njo hadithi yenyewe."

"Haikuwa mukono. Ilikuwa nyuma."

"Tuonyeshe."

Nikaifungua mezani. Wakainama wote watano, wakapapasa. Hawakuona kitu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshona. Mmoja akasema kazi kama hii hata Old Town haipatikani. Waliniletea sifa siku ile, mkumbuke.

Nikaomba Mzee Gasana aitwe. Niliamini kidole kile kuliko mahakama. Alikuja anakohoa, akageuza gauni ndani nje, akafumba macho. Kidole gumba kikashuka kwenye mshono wa kiuno, kikasimama. Nilikiona kinasimama. Kikapita mahali penye alama nne, moja moja. Kisha akafumbua macho, na hakunitazama mimi. Alimtazama Mwalimu Bisimwa.

"Imechoka," akasema. "Kitambaa ya kaunjika inachokaka."

Baadaye nilimfuata chini ya paa lake kumwuliza. Alijibu bila kusimamisha cherehani: "Mi ni Munyarwanda katikati ya Bakongomani. Bananunua kwangu, banazika na mimi. Unataka nikae wapi, mama?" Sikuketi tena kwenye kigoda chake. Alipokufa nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma.

Lakini siku ile kanisani bado sikuwa nimeshindwa, au nilidhani hivyo. Nilitoa wembe kwenye kitambaa cha kichwa nikaanza kufumua. Mshono kwa mshono, mbele yao wote. Kazi ya kutwa nzima niliimaliza muda mfupi. Gauni likafunguka kama lilivyokuwa Ijumaa asubuhi. Nikaliinua juu, nikaweka vidole vyangu vinne kwenye zile alama.

"Angalieni. Mukono ya mutu ilikaa hapa."

Dodo aliacha kutikisa mguu. Nilimwona Esperansi ananyanyua kichwa, mara ya kwanza tangu tuingie.

Mwalimu Bisimwa akavua miwani. "Mama," akasema, "tumekuona bote. Hii robe ilikuwa muzima. We mwenyewe umeipasua, hapa, mbele ya komite."

Mmoja akacheka. Halafu wote, hata aliyekuwa amesifu kazi. Na vidole vyangu vilikuwa bado kwenye zile alama. Ukitazama, kweli, zilinitosha.

Waliandika kwenye daftari lao kwamba fundi ameharibu mali ya kundi. Bila neno la komite Esperansi hakutaka kwenda mbele zaidi. Alisema ameshacheza vya kutosha mbele ya watu. Wiki ile ile alihama kambi. Pasikali hakuwepo tena, kwa hiyo Mwalimu alifupisha hadithi, bibi wa ngome akawa sauti tu nyuma ya pazia, na mwezi uliofuata Sire Odilari alipigiwa makofi Lilongwe bila Esperansi. Inaonekana hadithi ile inaweza kumkosa. Haikuweza kumkosa Dodo.

Basi niandike kama nilivyoahidi. Dieudonné Mugisho alifanya. Leo ni shemasi, ana suti mbili, moja ilishonwa na mmoja wenu, na simlaumu aliyeshona. Mwalimu Bisimwa alijua, na alichagua mchezo. Mzee Gasana alijua kwa kidole gumba, akaogopa. Na mimi, Mama Riziki, nilijua wa kwanza kuliko wote, nikafuta ushahidi kwa ufundi ambao najivunia mpaka leo, Mungu anisamehe hapo hasa.

Kuanzia siku ile sikuwashonea mashujaa tena. Nilibaki na sare za shule na mapazia mpaka macho yakaisha. Kitu kimoja nilibadilisha, na ninyi mnaweza kukiiga au kukiacha: nguo iliyopasuka sikuigusa mpaka mwenye nguo aketi. Nilimpa kigoda, nikaulizia. Wengi walisema msumari. Nikangoja. Wengine baada ya muda waliacha kusema msumari. Nilipoteza wateja, walisema nina maneno mengi. Kweli.

Kabla ya kuacha kazi nilitaka kumwona Esperansi. Nilisikia yuko Kauma, Lilongwe, anasuka nywele. Nilishuka nikatafuta, mtaa baada ya mtaa, nikamkuta mbele ya nyumba ya matofali, mama wa Kimalawi ameketi kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imeshasukwa. Alinitambua. Amenenepa kidogo, imempendeza.

"Karibu, mama," akasema, na vidole havikusimama.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

Alisuka msuko mmoja mpaka mwisho, akaufunga uzi, akaanza mwingine.

"Siku ile ulipoifungua," akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla ya kushika sindano ao nyuma yake?"

Ningeweza kudanganya. "Kabla."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea kitu alichokwisha kulipia. Hakulia, hakunitukana. Chozi lilikuwa langu, na hakuna aliyeliuliza.

Mama yule aliyekuwa anasukwa hakujua Kiswahili. Aligeuza kichwa kidogo, akanitazama, akamwuliza Esperansi kwa Kichewa, "Mayi awa akuti chiyani?" Mama huyu anasema nini?

Esperansi akamrudisha kichwa chake mbele kwa viganja viwili, taratibu, asimharibie mstari.

"Akufunsa njira," akasema.

Kichewa changu ni kidogo, lakini hicho nilikielewa. Alimwambia kwamba ninauliza njia. Nikasema zikomo, nikaenda.